Mlima Si Picha ya Ukutani

Muulize mtoto yeyote wa darasa la nne hapa Iringo mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ni upi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize una urefu gani, atakutajia mita 5,895 bila kukosea. Kisha muulize ni nani katika ukoo wao aliyewahi kuuona kwa macho yake. Hapo utaona mtoto anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole cha mguu. Baba hajauona, mama hajauona, na mwalimu aliyemfundisha zile mita 5,895 naye hajauona. Kilimanjaro ameuona kwenye kalenda ya dukani, kwenye chupa, kwenye pakiti ya kahawa na kwenye ukuta wa saluni, umechorwa na twiga mmoja amesimama mbele yake.

Nasema wazi tangu mwanzo, ndugu msomaji, ili usije ukanilaumu mbele ya safari. Makala haya ni ya ugomvi. Nagombana na sisi wenyewe, Watanzania tulioufanya mlima wetu kuwa picha, tukawaachia wengine kuufanya mahali. Nagombana pia na wale wanaotuhudumia kana kwamba mlima ule ni wa wageni, na sisi ni wapita njia tuliopotea.

Wiki moja kabla sijasafiri, nilikaa kijiweni na wenzangu, karibu na mahali wanaposhushia samaki. Nikawaambia nakwenda Marangu kuuona mlima. Mmoja, mtu mzima mwenye akili zake, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwani huko umesahau nini?" akaniuliza. "Una ndugu huko? Kuna msiba?" Wenzake nao wakacheka. Nami sikuwakasirikia, kwa sababu swali lile ndilo swali la taifa zima. Kwetu sisi mtu husafiri kwa sababu tatu: msiba, harusi na ugonjwa. Akisafiri kwa sababu ya nne, watu hudhani amepungukiwa akili au amezidiwa na fedha.

Basi nilikwenda. Nilikwenda mwaka 2023, nikiwa na umri wa miaka 61, pamoja na mke wangu na kijana wa dada yangu. Tulipanda basi la Arusha lile linalokatiza Serengeti na Ngorongoro. Watu wa nchi nyingine hujiwekea akiba miaka mingi ili wapite kwenye barabara ile. Kwenye basi letu, tulipovuka lango la hifadhi, abiria walivuta mapazia ya madirisha ili jua lisiwasumbue, wakalala. Nyumbu walikuwa wametanda mpaka upeo wa macho, na ndani ya basi watu wanakoroma. Kondakta alipaza sauti mara moja tu, kutangaza mahali pa kuchimba dawa. Nilimtikisa kijana wangu nikamwambia, "Amka, mjomba, utazame. Hii ni mali yako inapita." Alitazama, na hakulala tena mpaka Karatu.

Tulipofika Marangu jioni, tukaenda kwenye nyumba moja ya wageni ambayo sitaitaja jina. Binti wa mapokezi alituangalia sisi watatu, akatazama nyuma yetu mlangoni, kisha akauliza, "Wageni wenu wako wapi?" Nikamwambia wageni ni sisi. Akafikiri kidogo, akasema kwa adabu tu, maana hakuwa na ubaya, "Mzee, shikamoo, samahani. Madereva na wapishi wanalala kule nyuma, bei yake ni nafuu." Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka. Yule binti si wa kulaumiwa. Tangu aanze kazi pale, kila mtu mweusi aliyeingia mlango ule alikuwa amebeba mzigo wa mtu mwingine. Amefundishwa na macho yake mwenyewe kwamba mlima una watu wa aina mbili: wanaoupanda na wanaowabebea wanaoupanda. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumeigeuza methali hiyo, sasa mgeni akija mwenyeji huhamia chumba cha nyuma.

Sasa nieleze tulichokiona, kwa maana ugomvi bila ushahidi ni kelele.

Siku ya kwanza hatukuukaribia mlima kabisa. Tulitembea kijijini. Nataka niseme jambo hapa ambalo vitabu vya watalii havilisemi kwa nguvu inayostahili: mlima ule haupo juu tu. Nusu yake, tena nusu yenye akili zaidi, iko chini, katika mabonde na migongo ya ardhi wanamoishi watu. Kila mji una kihamba chake. Juu kuna miti mikubwa ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa viazi na magimbi, na pembeni zizi la ng'ombe mmoja au wawili wanaolishwa majani ndani, samadi yao ikirudi shambani. Sisi wa Mara, ambao ng'ombe wetu hutembea kutwa wakitafuta malisho na kurudi na vumbi, tulisimama pale tukashangaa kama watoto.

Halafu ile mifereji! Wachaga walichimba mifereji ya maji kabla hajatokea mkoloni wa kuwafundisha. Walikinga maji ya mito juu kabisa karibu na msitu, wakayapitisha kwenye kingo za mabonde kwa mteremko mdogo sana, ukoo kwa ukoo, kila mmoja na zamu yake ya maji. Mzee mmoja alituonyesha mfereji unaopita nyuma ya nyumba yake, akatueleza jinsi watu wanavyotoka pamoja kuuzibua, na asiyetoka hutozwa faini ya mbege. Kijana wangu anasoma mambo ya ujenzi. Alipiga magoti akautazama ule mteremko kwa muda mrefu, akauliza walipimaje bila vyombo. Mzee akamjibu, "Maji yenyewe ndiyo kipimo, mwanangu. Ukikosea, yanakataa kuja." Somo hilo kijana hakulipata chuoni.

Tulikula mtori, tukala machalari, tukanawa miguu kwenye mto chini ya maporomoko ya Kinukamori. Ile chuki ndogo ndogo tunayoibeba sote bila kujua, ile mizaha kuhusu Mchaga na fedha, ilianza kututoka. Maana utani wa makabila ni mtamu ukiwa mbali, lakini ukikaa kwenye kigoda cha mtu na kunywa mbege yake, unamwona ni mtu kama wewe, anayehangaika na ada ya shule na bei ya kahawa kama wewe unavyohangaika na bei ya dagaa. Naye alituambia alichosikia kuhusu sisi: kwamba watu wa Mara ni wakali na wote ni wanajeshi. Tulicheka pamoja. Milima haikutani, binadamu hukutana, lakini ni lazima mmoja wao atoke nyumbani.

Siku ya pili tukapanda. Tulilipa ada ya hifadhi kwa shilingi, kiwango cha raia, ambacho ni kidogo kuliko anachotozwa mgeni, tukachukua mwongozaji kama sheria inavyotaka, tukaanza kwenye lango la Marangu, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, tukaingia msituni. Ni msitu wa mvua, miti imevaa ndevu za kuvu, na mbega weupe kwa weusi wanaruka juu. Kwa mwendo wetu wa wazee tulitumia saa nne kufika vibanda vya Mandara, mita 2,720. Tukasogea mpaka ukingo wa kreta ya Maundi. Hapo mawingu yalifunguka. Upande mmoja tambarare za Kenya. Upande mwingine Mawenzi, mweusi, umechongoka kama jino lililovunjika, na nyuma yake Kibo na weupe wake uliobaki. Mke wangu alikaa chini kwenye majani, hakusema neno. Na huyu ni mtu asiyenyamaza.

Hatukwenda kileleni, wala hatukukusudia. Namwambia kila mwenye umri wangu: usidanganywe kwamba asiyefika Uhuru hajafika. Kule juu shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea. Wenye nguvu na waende. Lakini mlima ule una ukanda wa mashamba, wa msitu, wa vichaka, wa nyanda zenye lobelia na zile senesio kubwa zinazosimama kama watu, kisha jangwa la mawe, na mwisho barafu. Mtu aliyepanda kwa haraka, akapiga picha kwenye kibao, akashuka bila kumsalimu mwenye kihamba hata mmoja, huyo kwangu mimi ameona kidogo kuliko sisi.

Nije sasa kwenye suala la mwenyewe wa mlima. Tulisomeshwa kwamba Kilimanjaro uligunduliwa na Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, tarehe 11 Mei 1848, na kwamba wataalamu wa Ulaya walimbishia kwa kuwa hawakuamini theluji kwenye ikweta. Ni kweli walimbishia. Bwana mmoja wa London, Cooley, alibisha miaka mingi bila kuinuka kitini kwake. Lakini Rebmann hakuja peke yake. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia ya Uchagani vizuri. Sasa aliyeongoza na aliyeongozwa, ni nani aliyegundua?

Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni. Walikuwa na wapagazi. Alikuwepo Mwini Amani, kijana wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu katika baridi ile siku nyingi, akilinda hema na kupika. Na watu wa Marangu husimulia habari za Yohani Kinyala Lauwo, aliyekuwa mwongozaji wao akiwa kijana, akaishi mpaka mwaka 1996. Meyer alichukua jiwe kutoka kileleni akampa Kaisari wake, likapachikwa kwenye ukuta wa ukumbi katika jumba la kifalme la Potsdam. Kilele kikaitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm, na watoto wa shule Ujerumani wakafundishwa kwamba mlima mrefu kuliko yote Ujerumani uko Afrika.

Zitazame njia za mlima ule kama zilivyokuwa. Kibanda tulichofika sisi kiliitwa Bismarck. Kinachofuata, mita 3,720, kiliitwa Peters, kwa jina la Carl Peters, yule aliyebandikwa jina la Mkono wa Damu, ambaye alipokuwa na kituo chake hapo hapo Kilimanjaro alimnyonga kijana mmoja mtumishi na msichana mmoja, mpaka serikali yake mwenyewe ikaona aibu na kumfukuza kazi mwaka 1897. Mtu huyo ndiye aliyekuwa na kibanda mlimani! Baada ya uhuru Bismarck akawa Mandara, Peters akawa Horombo, wote wawili wakiwa watawala wa Uchagani wa zamani. Mandara, kwa jina lingine Rindi, alikuwa baba yake Mangi Meli, ambaye Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake. Basi kubadilisha majina kulikuwa kazi njema, na ilifanywa na watu waliojua wanachofanya.

Lakini ilisimama katikati. Fungua ramani ya mlima. Kilele cha Mawenzi ni Hans Meyer. Kileleni mwa Kibo kuna Gilman, Reusch, Rebmann, Ratzel, Furtwängler. Sisemi wafutwe wote. Historia haifutwi kwa kifutio, na baadhi yao waliupenda mlima kwa dhati. Ninachosema ni kwamba kwenye ramani niliyoinunua mimi langoni sikumwona Bwana Kheri, sikumwona Mwini Amani, sikumwona Lauwo. Hata jiwe moja, hata pango moja! Na sisi tunapita tu. Mkenya akisema Kilimanjaro uko kwake tunawaka moto siku tatu, tunamtukana na mababu zake. Hasira hiyo ina faida gani kwa mtu ambaye ukimpa ramani hajui hata lango la kuingilia liko wapi?

Tena nasema haya nikiwa mtu wa Mara, kwa sababu sisi hatuna haki ya kuwa wageni pale. Mwaka 1934 mtoto mmoja kutoka Butiama aliandikishwa katika shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma, si mbali na ninapokaa. Mwaka 1959, mtoto yule akiwa mtu mzima, alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akaeleza shauku ya kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Kilimanjaro, umulike hata nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda akaupandisha mwenge ule pamoja na bendera, na kilele kikapata jina la Uhuru. Kila mwaka Mwenge unapita wilayani kwetu. Tunafagia barabara, tunapiga ngoma, tunakesha. Tunajua kuukimbiza mwenge kuliko tunavyojua mahali ulikowekwa.

Najua watakaonijibu. Wacha niwajibu mapema.

Wa kwanza atasema: gharama. Mwananchi hana chakula, wewe unamwambia habari za kupanda milima! Hoja hii naiheshimu, kwa yule asiye na chakula kweli. Lakini si yeye anayeitoa. Anayeitoa ni mtu ninayemjua, aliyechangia mwaka huo huo harusi sita, kitchen party tatu na send-off mbili, kwa kadi zenye kiwango cha chini kilichopangwa na kamati, ili watu wale pilau usiku mmoja na keki ipande juu ya ngazi. Sipingi harusi, nami nimeoza. Nasema tu kwamba taifa linaloweza kuchangishana mamilioni kwa usiku mmoja haliwezi kusema halina nauli. Kama tungekuwa na kamati moja ya safari kwa kila kamati kumi za harusi, watoto wa Iringo wangekuwa wameuona mlima wote.

Wa pili atasema: ni anasa ya Wazungu, haimo katika mila zetu. Huyu hajui mila za mtu yeyote. Wachaga waliuheshimu mlima ule na kuuelekea tangu zamani, na mpaka leo kila Desemba mabasi yanajaa watu wanaorudi kwao, kutoka Dar es Salaam, Mwanza na kokote walikotawanyika. Sisi wengine tunawatania kwa hilo. Mimi naona wanatufundisha. Mtu anayerudi mlimani kila mwaka kuwaonyesha watoto wake mfereji wa babu hahitaji kuambiwa mlima ni wa nani.

Wa tatu ndiye hatari zaidi, kwa sababu anazungumza lugha ya maendeleo. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba inafikiria kujenga magari ya kamba kwenye mlima, ili idadi ya wageni, iliyotajwa wakati huo kuwa kama 50,000 kwa mwaka, iongezeke, na wazee na walemavu nao wapande. Wapagazi walipinga, wakihofia riziki yao. Walimwengu wengine waliwacheka kwamba wanakataa maendeleo. Mimi nasimama na wapagazi, na si kwa ajili ya riziki tu. Kwanza, mwili hauzoei urefu kwa kukaa kwenye kiti. Anayepandishwa haraka hushikwa na ugonjwa wa mwinuko kama mwingine, pengine vibaya zaidi. Pili, kiti kile kitauzwa kwa dola. Mzee wa Iringo ambaye leo hajafika hata langoni, ambako panafikika kwa gari, ataletwa na kamba ya dola? Tunatajiwa walemavu na wazee kama pazia. Anayewajali kweli aanze na njia nzuri kutoka langoni mpaka mahali pa kwanza pa kuonea mlima, ajenge mabenchi, apunguze ada ya siku moja kwa raia, na aweke choo safi.

Mwaka 2022 tuliwekewa intaneti ya kasi mlimani. Vizuri, mtu akiumia ataomba msaada haraka. Lakini nilipita kwenye njia ile nikapishana na vijana wa umri wa mwanangu, mizigo kichwani na mabegani, kilo 20 zinazoruhusiwa pamoja na vitu vyao wenyewe, wengine wamevaa viatu vya mpira vilivyotoboka, wakipanda kule ambako usiku maji huganda. Nilimsalimu mmoja nikamuuliza hupata kiasi gani kwa siku. Akanitajia kiwango kilichowekwa, kisha akanitajia anachopewa. Vilikuwa viwili tofauti. "Nikilalamika, baba," akasema, "safari ijayo sitaitwa." Mtalii wake atarudi kwao aseme ameushinda mlima. Kijana huyu amepanda mara ngapi? Hakumbuki. Hakuna anayempa cheti. Nchi inayopeleka intaneti mlimani kabla ya kuhakikisha mpagazi ana viatu imekosea mpangilio, na haihitaji mtaalamu kutoka nje kuambiwa hivyo.

Kuna jambo moja linaloniondolea usingizi kuliko yote. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika karibu kilometa za mraba 12. Mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya mbili. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kwamba barafu za Afrika huenda zikatoweka ifikapo 2050. Watu wengi wakisikia hivyo hulilia barafu, kwa sababu barafu ndiyo iliyo kwenye picha. Lakini maji ya ile mifereji, na ya Mto Pangani unaozalisha umeme huko chini, kwa sehemu kubwa sana yanatoka msituni, kwenye mvua na ukungu unaonaswa na miti. Msitu ukiungua, kama vichaka vya juu vilivyoungua Oktoba 2020, tunapoteza zaidi ya weupe. Na msitu ule una majirani. Kulikuwa na ukanda wa nusu maili uliotengwa tangu enzi ya mkoloni ili wanavijiji wapate kuni na majani ya ng'ombe. Mwaka 2005 msitu ukaingizwa katika hifadhi, na tangu hapo mama anayekata majani ameonekana kama mwizi. Sisemi hifadhi haina hoja; miti ilikuwa inaibwa kweli. Nasema taifa lingejadili jambo hilo kwa akili kama wananchi wengi wangekuwa wamesimama pale wakaona msitu na kihamba vinavyogusana. Mtu hawezi kutetea asichokijua. Picha ya ukutani haina kuni, haina majani, haina mama anayekimbizwa na askari. Ina twiga tu.

Kwa hiyo naomba nini? Sitaki mambo makubwa. Naomba shule zetu za Mara ziwe na safari moja tu kwa mtoto kabla hajamaliza elimu ya msingi: Butiama kwa wale wa karibu, Serengeti kupitia lango la Ndabaka ambalo liko barabarani kabisa, na kwa wale wakubwa, Marangu. Naomba wenye nyumba za kulala wageni wawafundishe vijana wao kuuliza "Karibuni, mmetoka wapi?" badala ya "Wageni wenu wako wapi?" Naomba wenye mamlaka ya majina wampe Lauwo kilele, wampe Mwini Amani kambi, wampe Bwana Kheri hata ukingo wa bonde. Naomba kiwango cha mpagazi kikaguliwe anapolipwa, siyo ofisini. Na namwomba mtu mzima mwenzangu wa kijiweni, aliyeniuliza nimesahau nini huko, mwaka huu aache kadi moja tu ya harusi, apande basi, na anapopita Serengeti afungue pazia.

Mkononi mwa mgeni mlima ule ni safari ya siku sita na hadithi ya kusimulia kwao. Kwetu sisi ulipaswa kuwa zaidi: maji, shamba, historia ya walionyongwa na waliobeba, na mwenge tulioahidi kuuweka mahali watu wauone. Tukiendelea kuununua kwenye kalenda kila Januari na kuutupa kila Desemba, tusije tukamlaumu mtu siku barafu itakapokwisha na jina la mwisho la kwetu litakapokuwa limefutika. Atakayeulizwa siku hiyo na wajukuu wake, "Babu, wewe uliuona?" ajiandalie jibu tangu sasa. Nauli ya Arusha inajulikana, na basi huondoka alfajiri.